Walimwita mwendawazimu, akajiita Sane: Jirani yako mchoraji ambaye Naivasha haijamjua vya kutosha

HEBU jijaribu. Bila kugusa simu, taja wachoraji watatu wa Kenya. Wanamuziki waache kando, wachekeshaji wa TikTok pia. Wachoraji tu: watu wanaochukua rangi na brashi na kukuachia picha ukutani.

Umekwama? Hauko peke yako. Wengi wetu tulimaliza shule tukimjua Leonardo da Vinci na Mona Lisa wake, lakini hakuna aliyetutajia hata mmoja wa hapa kwetu. Ni kama kuujua ukoo wa jirani hadi kitukuu, huku mjomba wako mwenyewe ukimpita barabarani bila salamu.

Na kama unasoma haya ukiwa Ndabibi, Maela, Kongoni au Karagita, deni lako ni kubwa zaidi. Mmoja wa wachoraji muhimu zaidi ambao Kenya imewahi kuwa nao ameishi miaka mingi papa hapa Naivasha. Picha zake zimetundikwa Munich na London. Anaitwa Sane Wadu. Huenda mmewahi kupishana naye sokoni ukadhani ni mzee tu anayenunua sukuma wiki.

Hadithi yake inakuhusu hasa wewe unayechora nyuma ya daftari wakati mwalimu wa hesabu anaendelea na zake, wewe ambaye ukitaja sanaa nyumbani unaulizwa, "Na hiyo itakupa ugali?" Lakini isome hadi mwisho, maana watu huisimulia nusu. Nusu ya kwanza ni ya mtu aliyeacha kazi akafuata alichokipenda. Hiyo ni tamu, na inasambaa haraka. Nusu ya pili ni jinsi alivyohakikisha hakubaki peke yake, na hiyo ndiyo utakayoihitaji siku doo imeisha na rangi imekauka.

Chaki chini, brashi juu

Alizaliwa mwaka 1954 Nyathuna, Kiambu, akapewa jina Walter Njuguna Mbugua. Ulikuwa mwaka mgumu kuzaliwa Kiambu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na serikali ya mkoloni ilikuwa imeanza kuwaondoa watu kwenye mashamba yao na kuwasongeza katika vijiji vilivyolindwa na askari. Kizazi hicho kilikua kikijua kitu kimoja vizuri sana: usalama ni mali. Ukiupata, usiuachilie.

Kijana Walter akaupata. Akawa mwalimu.

Wewe wa leo, uliyezoea kusikia walimu wakigoma kwa sababu ya mishahara, huenda usione uzito wa hilo. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980, mwalimu kijijini alikuwa mtu. Mshahara ulifika mwisho wa mwezi, hata ukiwa mdogo. Duka lilimkopesha bila maswali. Alikuwa na pensheni mbele yake. Jina lake lilipotea kabisa, akawa "Mwalimu" kanisani, kwenye matanga na kwenye harambee. Wazazi waliomuuza ng'ombe ili kijana asome walikuwa wakiota hapo hapo.

Kisha akaacha. Katikati ya miaka ya 1980 aliweka chaki chini, akaanza kuchora. Hakuwa amesomea uchoraji chuoni. Hakuwa na tajiri wa kumlipia kodi. Na haikuwa miaka ya kufanyia majaribio ya tumbo: waulize wazee wako kuhusu ukame wa mwaka 1984 na ule unga wa njano ulioletwa kutoka nje, watakuambia. Katikati ya hali hiyo, mtu anaacha mshahara wa serikali ili apake rangi!

Marafiki na wafanyakazi wenzake walitoa uamuzi wao haraka: huyu amerukwa na akili. Kwa Kiingereza walimwita "insane", yaani mwendawazimu. Na hapo ndipo akafanya kitu ambacho hadi leo kinawachekesha na kuwafikirisha wanaokisikia. Alilichukua tusi lenyewe, akalikata kichwa. Ukitoa herufi mbili za mwanzo za neno hilo, linabaki "sane", maana yake mtu mwenye akili timamu. Akajiita Sane Wadu.

Hapo usipite haraka. Kwa Wakikuyu jina si kitu cha kubadilisha kama unavyobadilisha jina la Instagram. Mtoto hupewa jina la babu au la jamaa mwingine ili mtu huyo aendelee kutajwa nyumbani hata akishaondoka. Mtu anayejipa jina jipya anasema jambo zito. Na huyu hakujipa jina la kujisifu, la mfalme au simba. Alijipa jina linalojibu swali ambalo kila aliyemwona alikuwa akiuliza. Ukitaka kumwita, hata kwa kumdhihaki, ni lazima kwanza ukiri kwa mdomo wako kwamba ana akili timamu.

Alichora nini?

Tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu jina la kuvutia bila kazi ni kelele tu.

Picha zake za mwanzo zimejaa vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavijua: mifugo na wanyama wa porini, watu wa shambani, nyuso zinazokutazama moja kwa moja. Ukizitazama mara ya kwanza unaweza kusema, "Ah, hata mimi naweza." Mikono haijapimwa kwa rula. Mnyama na mtu wamesongamana kana kwamba wanagombania kiti cha matatu. Lakini tulia nazo dakika tano. Utaona kwamba huo msongamano umepangwa, na kwamba mnyama yule si pambo la kuwauzia watalii. Ana shida zake, kama wewe.

Moja ya picha hizo, ya mwaka 1984, ina jina la Kiingereza: Bless This Our Daily Bread. Ni maneno ya sala, yale ya kubariki mkate wa kila siku. Ukikumbuka mwaka wenyewe, na kwamba aliyeichora alikuwa mtu ambaye mkate wake wa kila siku ulikuwa mashakani, jina hilo halisikiki tena kama sala ya mazoea.

Baadaye mkono ukabadilika. Rangi ikawa nzito, ikakaa juu ya turubai kama tope la Maela baada ya mvua. Mada nazo zikabadilika: mji na msukumano wake, dini na wanaoiuza, viongozi na wanaoongozwa. Kumbuka hiyo ilikuwa Kenya ya aina gani. Mwaka 1988 watu walipiga kura kwa kusimama mlolongoni nyuma ya mgombea. Tarehe 7 Julai 1990 ikaja Saba Saba. Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa tena, na kabla wino wa uchaguzi wa 1992 haujakauka, Bonde la Ufa lilikuwa likiungua. Hapa kwenu hilo si somo la historia. Waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 walikuja kupiga kambi Maela, hatua chache kutoka Ndabibi, na wapo wazee wanaoweza kukuonyesha mahali hema zilipokuwa.

Katika nchi ambayo mwandishi angeweza kuwekwa kizuizini kwa sababu ya kitabu, picha ilikuwa na nafasi yake. Askari anaweza kuusoma mstari na kuupigia kalamu nyekundu. Picha ya umati wenye nyuso zilizojikunja ataishtaki vipi? Atasema imesema nini? Ndiyo maana ukitaka kujua watu walihisi nini miaka ile, usitosheke na magazeti ya wakati huo. Tafuta pia wachoraji.

Watatu, na picha zilizopanda ndege

Sasa swali lako la kibiashara: alikula nini?

Jibu linapitia Nairobi, kwenye barabara ya Standard, katika jumba la sanaa lililoitwa Gallery Watatu. Lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wachoraji watatu, Jony Waite, Robin Anderson na David Hart, ndiyo maana likaitwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 likaingia mikononi mwa Ruth Schaffner, mzaliwa wa Ujerumani ambaye alikuwa amewahi kuendesha jumba la sanaa California, Marekani.

Schaffner alifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Badala ya kungoja waliotoka vyuoni, aliwafungulia mlango wachoraji waliojifunza wenyewe: wakulima, vibarua, walimu walioacha chaki. Sane Wadu akapita hapo. Jak Katarikawe kutoka Uganda akapita hapo. Kivuthi Mbuno na Joel Oswaggo pia. Kwa mara ya kwanza mtu ambaye hakuwa na cheti angeweza kuingia katikati ya Nairobi na picha kwapani, akatoka na pesa.

Usidhani wote walishangilia. Walikuwepo waliosema kwamba jumba hilo lilipenda sana wasanii wasiosoma, kwa sababu mnunuzi wa kigeni alitaka Afrika "isiyoguswa", na kwamba msanii akishauza picha ya aina moja husukumwa aichore hiyo hiyo hadi achoke. Hoja hiyo ina uzito, na ukiuza kazi zako leo mtandaoni utakutana nayo. Mteja akikupenda kwa sababu ya twiga, siku utakapochora bodaboda atakuuliza twiga yuko wapi. Dawa ya Wadu ilikuwa kuendelea kubadilika. Linganisha picha zake za miaka ya 1980 na zile za miongo iliyofuata, utaona mtu aliyekataa kuwa mashine ya kunakili mafanikio yake mwenyewe.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo tunailipa hadi leo. Wanunuzi wengi walikuwa wageni: watalii, mabalozi, watu wa mashirika. Mkataba wa kazi ukiisha, mtu anafungasha, na picha inapanda ndege naye. Schaffner alifariki mwaka 1996. Jumba lenyewe lilifunga milango yake katika muongo uliopita. Wewe ukitaka leo kuona jinsi baba zako walivyoitazama Kenya ya miaka ya 1980, huenda ukahitaji viza.

Hilo halikuwa lazima litokee. Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa za Afrika maisha yake yote, na sehemu ya hazina hiyo unaweza kuiona katika Nairobi Gallery, lile jengo la zamani karibu na Nyayo House. Mkenya mmoja mwenye jicho na nia aliacha kitu ambacho watoto wa watu wengine wanaweza kukitazama. Fikiria wangekuwa mia.

Ngecha: Kijiji kilichogeuka darasa

Sasa tufike kwenye ile nusu ya pili.

Ukimfuata mtu aliyeitwa mwendawazimu kwa sababu ya kuchora, ungetarajia umkute peke yake, amejifungia, amekasirika. Sane Wadu hakwenda njia hiyo. Mkewe, Eunice Wadu, naye alishika brashi akawa mchoraji mwenye jina lake mwenyewe. Tafakari hilo kidogo. Nyumba ambayo jirani angetarajia isambaratike kwa sababu baba ameacha mshahara, ndiyo iliyotoa wachoraji wawili.

Mwaka 1995, pamoja na wenzake wakiwemo Wanyu Brush, Chain Muhandi na Sebastian Kiarie, walianzisha chama cha wasanii cha Ngecha, kijiji kilicho upande wa Limuru. Ngecha haikuwa na jumba la kifahari. Ilikuwa na mashamba, ng'ombe wa maziwa, na vijana waliokuwa wakiona wakubwa wao wakichora mchana kweupe bila aibu. Kijiji hicho kikajulikana kwa wachoraji wake hadi wageni wakawa wanafunga safari kutoka Nairobi kuja kukitembelea.

Unaona jinsi mambo yalivyogeuka? Mtu mmoja akichora kijijini ni mwendawazimu. Watu kumi wakichora kijijini ni chama, kina mwenyekiti, mweka hazina na siku ya mkutano. Mama wa jirani aliyekuwa akikucheka sasa anauliza kama mtoto wake anaweza kujiunga. Hakuna hotuba ingebadilisha mawazo ya kijiji kwa namna hiyo.

Na ni jambo ambalo wenye mbogi wanalielewa vizuri kuliko maprofesa. Rangi ni ghali, mkinunua pamoja inapungua bei. Mmoja akiuza, anawabeba wawili ambao hawajauza. Mmoja akipata mteja mjanja anayetaka kulipa kidogo, anawaonya wengine. Ukikata tamaa Jumatatu, Jumanne kuna mtu anakugongea mlango. Elimo Njau, Mtanzania aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro na kuhamia Kenya, alilielewa hilo mapema zaidi alipoanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Moto ulikiteketeza kituo hicho Desemba 1997, kazi nyingi za miaka mingi zikaisha kwa usiku mmoja, lakini hakuacha. Watu aliokuwa amewafungulia mlango hawakuungua.

Wadu na Eunice waliendeleza mwendo huo Naivasha. Kwa miaka mingi nyumbani kwao pamekuwa mahali ambapo watoto na vijana wa hapa hushika brashi na kuonyeshwa. Hiyo nayo ni kazi yake ya sanaa, ingawa hakuna mnada utakaoipiga bei.

Kurudi nyumbani baada ya karibu miaka 40

Mwaka 2020 jumba la Haus der Kunst mjini Munich, Ujerumani, lilifungua maonyesho ya Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Armitage ni jina kubwa duniani. Anachora juu ya lubugo, lile gome la mti la Waganda, na mwaka 2019 picha yake moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Angeweza kujaza kuta zote kwa kazi zake. Badala yake aliwaleta wakubwa wake: Elimo Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Meek Gichugu na Sane Wadu. Mwaka 2021 maonyesho hayo yakahamia Royal Academy, London. Kwa lugha nyepesi, kijana aliyeomoka aliwaambia wazungu, "Kabla ya kunisifu, watazameni hawa walionitangulia."

Kisha jambo lililochelewa likafika. Armitage alikuwa ameanzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa iitwayo NCAI. Mapema mwaka 2022 taasisi hiyo iliandaa maonyesho makubwa ya kazi za Sane Wadu tangu miaka ya 1980 yakiitwa I Hope So, yaani "Natumaini hivyo". Mkenya akaweza kusimama Nairobi, bila pasipoti, akautazama mwendo wa maisha ya mchoraji mmoja wa kwao kutoka mwanzo.

Piga hesabu. Kutoka alipoanza katikati ya miaka ya 1980 hadi 2022 ni karibu miaka 40. Aliyeitwa mwendawazimu akiwa kijana alitambuliwa hivyo kwao akiwa anakaribia miaka 70. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema atatunzwa baada ya muda gani.

Nyumba iliyo kando ya barabara yako

Kuna mfano mwingine ambao huupita kila ukitoka Naivasha kwenda Ndabibi. Baada ya Karagita, DCK na Kamere, kabla hujafika Kongoni, upande wa ziwa, kuna nyumba inayoitwa Elsamere. Hapo aliishi Joy Adamson, mzaliwa wa iliyokuwa milki ya Austria, ambaye dunia inamjua kwa ajili ya simba Elsa na kitabu cha Born Free cha mwaka 1960. Kabla ya Elsa, alikuwa mchoraji. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa wamevaa mavazi yao ya jadi, naye akachora mamia ya picha hizo, ambazo nyingi ziko mikononi mwa Makumbusho ya Kitaifa. Aliuawa Shaba mwezi Januari 1980, na nyumba yake sasa ni makumbusho.

Picha zile zina faida kubwa: shanga, ngozi na mitindo ya nywele ambayo hungeweza kuiona tena imehifadhiwa pale. Lakini aliyechorwa alisimama kama sampuli, na aliyemchora alikuwa akikimbizana na muda kabla "mila hazijapotea". Picha za Wadu zinatoka upande wa pili wa turubai. Huyu ni mtu wa hapa anayechora njaa ya hapa, kanisa la hapa, wanasiasa wa hapa, naye mwenyewe akiwemo.

Kwa barabara hiyo moja, basi, una hadithi mbili za uchoraji wa Kenya. Moja ina kibao, tiketi na chai kwenye bustani. Nyingine ungeishi Ndabibi miaka 20 bila kuambiwa. Kubomoa ile ya kwanza hakutatusaidia. Kinachohitajika ni kibao cha pili.

Sasa wewe utafanya nini?

Tuongee ukweli. Ukimaliza kusoma hapa usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi kwenye shamba la maua. Kumsifu Wadu si kukuambia kwamba njaa ni nzuri kwa msanii. Njaa ni njaa tu. Wengi waliacha kazi miaka ile na hakuna anayewakumbuka, na si kwa sababu hawakuwa na kipaji. Chora jioni, chora wikendi, chora ukiwa off. Mshahara wa maua unaweza kununua rangi, hakuna dhambi hapo.

Tafuta wenzako kwanza. Ukipata watatu Ndabibi na wawili Kongoni, mna chama. Darasa lisilotumika Jumamosi linaweza kuombwa kwa mwalimu mkuu au kwa wazee wa kanisa. Usingoje turubai la dukani: gunia lililonyooshwa, kipande cha mbao, rangi ya nyumba iliyobaki kwa fundi, vyote vinapokea brashi. Na wale mafundi wanaopamba matatu yenu kwa michoro wanajua kuchanganya rangi kuliko wengi wetu. Wakaribishe wafundishe.

Ya pili: weka rekodi. Kila picha ukiimaliza, andika nyuma yake jina lako, jina la picha, mwaka na mahali. Ipige picha vizuri kwenye mwanga wa mchana kabla haijaondoka. Ukiuza, andika umemuuzia nani na kwa bei gani, na M-Pesa ikiingia hifadhi ujumbe. Inachosha, najua. Lakini picha ngapi za wazee wetu ziko ukutani Ulaya sasa hivi, bila jina, zikiitwa tu "mchoraji wa Afrika"?

Ya tatu: usiuze zote. Kila mwaka ibakishe moja nyumbani, hata mteja akilia. Mtoto wako atataka kujua ulikuwa ukiona nini ulipokuwa na umri wake.

Kama uko kidato au gredi za chini, kuna habari njema. Katika mtaala mpya, shule za upili za juu zina mikondo mitatu, na mmoja ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Ukiuchagua, jiandae kwa swali la ugali mezani, na usilijibu kwa hasira. Mzazi anayeuliza hivyo aliona miaka ambayo wewe hukuiona. Mwonyeshe kazi, si kelele. Mwonyeshe pia kwamba mko watano, kwamba mna daftari la hesabu, kwamba picha moja tayari imelipa bei ya rangi.

Na wewe usiyechora hata mstari ulionyooka, una kazi pia, pengine kubwa kuliko ya wote. Nunua. Kabla hujatundika kalenda ya duka la mbolea au bango la mwanasoka wa Uingereza sebuleni, muulize kijana wa mtaa wako anayechora atakuuzia kitu kwa bei gani. Mlipe bila kumlilia. Mpige picha akiwa na kazi yake, andika mwaka nyuma. Kama hujui aanzie wapi kutafutwa, anza kwa swali la juu kabisa, lakini safari hii uliza mtaani badala ya kichwani: nani hapa anachora?

Ukiona watu wanacheka kabla ya kukuelekeza kwake, umefika.